Dalali wa nyumba si dalali wa biashara

Mfanyabiashara mdogo wa Lubumbashi anapoamua kuuza duka, bulanjeri, famasi au karakana yake, mtu wa kwanza anayemjia akilini ni yule komisioneri, yaani dalali wa nyumba, aliyemtafutia nyumba ya kupanga Bel-Air au kiwanja kule Annexe. Ni jambo la kueleweka, kwa sababu watu hao tunawajua, namba zao tunazo kwenye simu, na wengi wao wanaujua mji huu avenyu kwa avenyu kuliko hata wafanyakazi wa komini. Lakini mimi, ambaye kazi yangu ni kuandika vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wadogo, na ambaye kwa sababu hiyo huitwa kila mara mteja anapotaka kuuza, nimefikia kuamini kwamba dalali wa nyumba na dalali wa biashara wana kazi mbili tofauti, na kwamba kumtafuta mnunuzi ndiyo sehemu nyepesi ya kazi ya huyo wa pili. Kinachompa haki ya kulipwa ni namna anavyoilinda biashara tangu siku mtu wa nje anaposikia kwamba inauzwa hadi siku fedha zinapomfikia muuzaji.

Nyumba haiharibiki kwa kutazamwa. Hata wakija watu ishirini kwa siku moja, kuta zinabaki kuta na bati linabaki bati. Sheria ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, ambao nchi yetu ya Kongo ilijiunga nao mwaka 2012, inaichukulia biashara inayouzwa, ile ambayo karatasi zetu za Kifaransa huiita fonds de commerce, kuwa mali ambayo msingi wake ni wateja pamoja na jina au kibao cha biashara; vifaa, bidhaa, samani, haki ya pango na vibali hufuata baada ya hapo. Wateja ndio wanaotajwa kwanza katika sheria, nao ndio wa kwanza kukimbia habari za kuuza zinapovuja kabla ya wakati.

Nilishuhudia jambo hilo katika bulanjeri moja ya Katuba. Nilikuwa nimeketi nyuma ya kaunta nikipanga risiti za unga, komisioneri akaingia na wanaume wanne bila kupiga simu kwanza, akawapeleka moja kwa moja hadi kwenye tanuri, akalipiga kofi ubavuni kama mtu anayeonyesha ng'ombe mnadani, kisha akamuuliza mwokaji kijana, mbele ya wenzake, ni mifuko mingapi ya unga inayotumika kwa usiku mmoja. Mmoja wa wageni akapiga picha jenereta. Mama mwenye bulanjeri aliwafuata nyuma, mikono yake bado ina unga, na alipomvuta yule komisioneri pembeni kumuuliza kwa nini hakumwarifu, alijibiwa kwa upole kabisa: “Mama, unipatie tu bei, ingine yote uniachie.” Kabla jua halijazama waokaji walikuwa wakiulizana kuhusu malipo yao ya kuachishwa kazi. Juma lilipokwisha, muuza unga, ambaye siku zote aliacha mifuko kwa mkopo hadi Jumamosi, alianza kudai taslimu, na wale akina mama wanaobeba mikate kichwani kwenda kuiuza mitaani wakaenda kujiandikisha kwenye bulanjeri ya jirani, wasije wakakosa mzigo siku mlango utakapofungwa. Katika wale wanaume wanne hakuna aliyenunua. Mnunuzi wa kweli alipopatikana baadaye, aliuona ule mteremko wa mauzo katika vitabu nilivyoviandika mwenyewe, akaukata kwenye bei, na kwa kweli alikuwa na haki.

Ndiyo maana swali la kwanza ninalowashauri wauzaji wamuulize dalali halihusu bei. Wamuulize atafanya nini ili mji usijue. Dalali anayeijua kazi yake hujibu bila kusitasita, kwa sababu ameshaulizwa hivyo mara nyingi au ameshaumia mwenyewe: huandika tangazo lisilo na jina wala avenyu, likitaja tu aina ya biashara, sehemu ya mji kwa upana, na kiasi cha mauzo, anayevutiwa hutia sahihi karatasi ya kutunza siri kabla hajatajiwa jina, kabla ya matembezi huonyesha uwezo wake wa kulipa, iwe kwa barua ya benki au kwa taarifa ya akaunti, na matembezi yenyewe hufanyika wafanyakazi wakiwa wameshatawanyika. Sidhani kwamba karatasi ya siri itamfikisha mtu mahakamani kirahisi katika mji wetu, lakini anayekataa kuitia sahihi amekwisha kujieleza. Kwa upande mwingine, dalali anayejisifu kwamba ana vikundi vya WhatsApp na kwamba kesho asubuhi picha zitakuwa zimefika Likasi na Kolwezi, mnunulie soda, mshukuru kwa muda wake, na usimpe picha hata moja.

Lubumbashi ni mji mkubwa kwenye ramani na mdogo kwa masikio. Shemeji wa muuzaji wako wa jumla anapanga kwa mwenye nyumba wako, mke wa mshindani wako anaimba kwaya moja na keshia wako, na habari inayotoka Kamalondo asubuhi hufika soko la Kenya kabla ya saa sita. Wanaoandika kuhusu kazi hii huko Marekani husisitiza siri kwa sababu hizohizo, lakini huko muuzaji anaweza kumpata mnunuzi anayetoka jimbo jingine kabisa. Hapa kwetu mnunuzi anayefaa zaidi ni mtu aliye karibu, tena mara nyingi ni mshindani, naye ndiye aliye hatari kuliko wote akijua majina ya wateja wako na bei unayonunulia, halafu asinunue. Dalali mzuri humpa mtu wa namna hiyo habari kwa vipande: kwanza jumla ya mauzo, kisha matumizi, na majina ya wateja wakubwa mwishoni kabisa, baada ya sahihi na fedha za kwanza.

Jambo la pili la kumpimia dalali ni maswali anayoyauliza yeye. Namheshimu mzee mmoja wa Kamalondo ambaye huja na kaye ya shule yenye jalada la buluu, na katika mazungumzo yote ya kwanza hatamki neno bei. Nilikuwapo alipomtembelea mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

“Kontra ya pango iko kwa jina la nani, mama?”

“La marehemu mzee.”

“Na RCCM?”

“Yake pia.”

Mzee aliifunga kalamu yake. Alimweleza kwamba duka hilo, kwa karatasi za pango na za RCCM, yaani rejista ya biashara, ni mali ya urithi, na kwamba chini ya Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 watoto wa marehemu ndio warithi wa daraja la kwanza, wenye robo tatu ya mali, hata kama tangu msiba mama ndiye aliyefungua mlango kila asubuhi. Kwa hiyo hangetafuta mnunuzi hadi watoto wote wakae, wakubaliane, na maafikiano yao yaandikwe mbele ya noteri, yule wa kuthibitisha hati. Mama alikasirika waziwazi, akasema kwamba komisioneri mwingine alikuwa tayari kuleta watu siku ileile. Ninaamini kwamba angewaleta kweli. Pia ninaamini kwamba siku ya kulipwa, kijana mkubwa wa marehemu angetokea na avoka, yaani wakili, mkononi, mnunuzi angeondoka, na mji wote ungekuwa umeshajua kwamba duka linauzwa na kwamba kuna kesi ndani yake.

Maswali mengine ya namna hiyo hayana msisimko, lakini dalali asiyeyauliza atayaacha yaulizwe na mnunuzi katika saa mbaya zaidi. Je, mume na mke wamekubaliana? Kanuni ya Familia kama ilivyorekebishwa mwaka 2016 inataka wanandoa waafikiane katika matendo ya kisheria yanayowafunga, na sahihi ya mmoja tu ni mlango ulioachwa wazi. Je, biashara ni établissement ya mtu binafsi au ni kampuni? Kama ni ya mtu binafsi, namba ya RCCM ni yake mwenyewe na haihami pamoja na duka. Mnunuzi atajiandikisha kwa jina lake, na muuzaji atapaswa kuirekebisha au kuifuta ya kwake, la sivyo ataendelea kuandikiwa kodi za duka asilokuwa nalo. Je, wafanyakazi wameandikishwa CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, na michango imelipwa? Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 inasema kwamba mwajiri anapobadilika kwa sababu ya mauzo, mikataba ya kazi iliyopo inaendelea na mwajiri mpya, kwa hiyo mnunuzi mwenye akili atataka kujua anarithi watu wangapi, wenye miaka mingapi kazini, na madeni gani nyuma yao. Je, DGI, yaani idara ya kodi, inaweza kutoa cheti kwamba hakuna kodi inayodaiwa? Dalali hahitaji kuwa mwanasheria wala mhasibu ili ayajue haya. Anatakiwa tu kujua kwamba ni maswali, na kwamba majibu yake yana watu maalumu wa kuyatoa.

Kuhusu bei nitakuwa mkali kidogo. Dalali anayetaja bei kabla hajafungua daftari anatafuta saini yako, na njia rahisi ya kuipata saini ni kutaja bei kubwa kuliko ya mwenzake. Baada ya miezi kadhaa bila mnunuzi atakuja kukwambia kwamba soko limekuwa baya, na utakuwa umeshazoea habari hizo kiasi cha kukubali bei ndogo kuliko ile ambayo mtu mkweli angekutajia tangu mwanzo. Marekani, ambako kazi hii ina desturi ndefu, madalali wa biashara ndogo huanza na faida ya mwaka, huongeza mshahara anaojilipa mwenye biashara pamoja na matumizi yake binafsi yaliyopitia kwenye vitabu, kisha huzidisha jumla hiyo, mara nyingi kati ya mara 2 na 3, kulingana na aina ya biashara na hatari zake. Sisemi tuchukue kipimo hicho kama kilivyo, kwa sababu mnunuzi wa Lubumbashi hapati mkopo wa benki kwa urahisi wa mnunuzi wa Chicago, na biashara inayosimama kila umeme wa SNEL unapokatika ina hatari zake mwenyewe. Lakini namna ya kufikiri ni sahihi: mnunuzi ananunua kile kitakachobaki mfukoni mwake, na dalali anapaswa kuweza kukuonyesha kwa kalamu, juu ya karatasi, alivyoipata bei yake.

Hapo tunafika kwenye zile daftari mbili, moja ya kuonyesha watu wa kodi na nyingine ya kujionyesha mwenyewe. Kila mtu anajua kwamba zipo, nami sitajifanya mgeni. Dalali anayekwambia kwamba mnunuzi atalipia faida iliyo katika daftari la pili anakudanganya au anajidanganya, kwa sababu hati ya kuuza biashara chini ya sheria ya OHADA inatakiwa kutaja mauzo na matokeo ya miaka 3 ya mwisho, na hakuna mnunuzi makini atakayetia sahihi juu ya tarakimu ambazo zinapingana na zile zilizopelekwa DGI. Anayefikiria kuuza baada ya miaka miwili aanze leo kuandika hesabu moja. OHADA yenyewe inaziruhusu biashara ndogo kutumia mfumo mwepesi wa kuandika fedha zinazoingia na zinazotoka, kwa hiyo si mzigo usiobebeka.

Sasa malipo, ambayo ndiyo sehemu yenye ugomvi mwingi. Desturi yetu ya mjini ina mambo mawili ninayoyapinga. La kwanza ni ada ya matembezi, ambayo komisioneri hudai kila anapoleta mtu kutazama, anunue asinunue. Kwa nyumba ya kupanga inavumilika; kwa biashara inamfanya dalali apate riziki kwa kuleta watazamaji wengi, yaani kwa kufanya lilelile lililoiharibu bulanjeri ya Katuba. La pili ni bei ya juu ya bei: muuzaji anasema anataka dola 30,000, komisioneri anauza kwa 38,000, na zile 8,000 zinabaki kwake, huku muuzaji akidhani kwamba amepata alichotaka. Kama mkataba wao ungekuwa wa asilimia 10 juu ya bei kamili, dalali angepata dola 3,800 na muuzaji 34,200. Sheria ya OHADA kuhusu madalali inasema kwamba ujira wao ni asilimia ya thamani ya mapatano, na inamtaka dalali abaki huru kati ya pande mbili na kuwapa habari zote zitakazowasaidia kuamua. Anayewaficha wote wawili bei ya mwenzake hafanyi udalali. Anafanya biashara yake binafsi kwa mali yako, jambo ambalo sheria hiyohiyo inamkataza.

Asilimia yenyewe ni ya kujadiliwa. Kule Marekani, kwa biashara ndogo, asilimia 10 ndiyo inayosikika zaidi, na madalali wengi huweka kiwango cha chini ambacho hawakubali kushuka hata biashara iwe ndogo kiasi gani. Ufaransa ina sheria ya tangu Januari 1970 inayomtaka mtu anayesimamia mauzo ya nyumba au ya biashara za watu awe na kadi ya kazi, na isiyomruhusu kudai ujira kabla mapatano hayajafungwa kwa maandishi. Ninaitaja kwa sababu ina akili ambayo tunaweza kuiiga kwa hiari yetu ndani ya mkataba, bila kusubiri kulazimishwa na mtu yeyote: hakuna malipo kabla ya mauzo, isipokuwa gharama zinazoonekana, kama kunakili hati au kulipia tangazo, kwa risiti.

Kuna kijitundu kimoja ambacho wauzaji wengi hawakioni. Biashara inapouzwa kwa utaratibu wa OHADA, mnunuzi anatakiwa kutangaza mauzo katika gazeti linaloruhusiwa kuchapisha matangazo ya kisheria, na bei huwekwa kwa noteri au benki kwa siku 30 tangu tangazo hilo, ili wanaomdai muuzaji wapate nafasi ya kuweka pingamizi. Dalali naye, kwa sheria, amestahili ujira wake mara tu mapatano yanapofungwa kutokana na kazi yake. Ukiviacha hivyo viwili bila kuviunganisha, dalali atakuwa mlangoni kwako akidai maelfu ya dola wakati wewe mwenyewe hujashika hata senti. Mkataba useme wazi kwamba ujira utalipwa siku fedha zitakapoachiliwa, na kwamba zikiachiliwa kwa sehemu, naye atalipwa kwa sehemu. Nimeona dalali mmoja akikataa sharti hilo kwa hasira na mwingine akilikubali kabla hata sijamaliza kulisoma; huyo wa pili ndiye aliyejua zile siku 30 ni nini.

Mwenye nyumba anahitaji aya yake. Komisioneri wetu wengi huamini kwamba mwenye nyumba anaweza kuzuia mauzo kwa neno moja, na wengine humwendea mapema kumpaka mafuta, jambo linalompa nafasi ya kupandisha pango au kumweka ndugu yake kuwa mpangaji mpya. Sheria inatofautisha: muuzaji akihamisha pango pamoja na vitu vyote vinavyoiwezesha kazi kuendelea mahali pale, mwenye nyumba analazimika kuupokea uhamisho, mradi ajulishwe ipasavyo; akihamisha pango peke yake, au pamoja na sehemu tu ya biashara, hapo ridhaa ya mwenye nyumba inahitajika wazi. Dalali anayeijua tofauti hii ataipanga hati ya mauzo kwa namna inayokulinda. Asiyeijua anaweza kukushauri uuze mashine kwa mtu mmoja na “mlango” kwa mtu mwingine ili upate zaidi, kisha ushangae mlango umefungwa.

Umuulize pia ni nani anayeweza kuinunua biashara yako, kwa sababu katika mji huu wa shaba fedha nyingi ziko mikononi mwa wageni. Sheria ya mwaka 1990 kuhusu biashara ndogo imeihifadhi kwa Wakongomani, kwa hiyo dalali anayekuletea mnunuzi wa kigeni kwa kijiduka cha rejareja anakuletea pia suala la jina la kuazima, na majina ya kuazima huja na kesi zake. Kwa zile kampuni ndogo zinazouza huduma migodini, kama usafi, chakula, usafiri au ushonaji wa sare za kazi, sheria ya Februari 2017 imeiweka kazi ya kandarasi ndogo kwa kampuni ambazo mtaji wake kwa sehemu kubwa ni wa Wakongomani. Ukiuza hisa nyingi kwa mgeni, kandarasi iliyokuwa ndiyo thamani yote ya kampuni inaweza kupotea pamoja na bei. Hapo hapo dalali mwangalifu atauliza ni sehemu gani ya mauzo inatoka kwa mteja mmoja. Serikali iliposimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi Februari 2025, tulipata ukumbusho wa jinsi mteja mmoja mkubwa anavyoweza kunyamaza kwa uamuzi ambao wewe wala yeye hamkuufanya.

Swali la dalali mmoja au wengi linanigawanya. Desturi yetu ni kuwapa komisioneri watano habari moja na kusubiri wa kwanza atakayefika na fedha. Kwa kiwanja sina neno. Kwa biashara ninapendelea mmoja, kwa maandishi, kwa muda unaojulikana, kwa sababu siri iliyogawiwa kwa watu watano ni tangazo, na kwa sababu hakuna atakayekaa na karatasi zako kwa majuma kadhaa akijua kwamba mwenzake anaweza kumpita mlangoni. Ila haki ya peke yake isitolewe bure: mwombe ripoti kila mwezi ya nani ameambiwa na amejibu nini, na muda uwe wa miezi 6, usiwe wa mwaka mzima, ukiwa na sharti la kuuvunja mapema ikiwa siri imevuja kwa kosa lake. Muda ukiisha bila mauzo, akupe orodha ya majina ya watu aliowaleta. Akinunua mmoja wao ndani ya muda mfupi mliokubaliana, dalali ana haki yake. Asiyekuwa katika orodha hamdai kitu. Bila orodha hiyo, kila mtu wa mji atakuwa “mtu wangu”.

Wengine huuliza kama inafaa kumtumia ndugu, mzee wa kanisa au hata mhasibu, na kwa kuwa swali hili linanigusa, nitalijibu kwa ufupi: mhasibu anayelipwa asilimia ya bei ana sababu ya kuzipamba hesabu anazoziandika, kwa hiyo mimi nalipwa kwa kazi ya vitabu na nakataa komisheni. Kuhusu ndugu, tatizo si uaminifu wake. Tatizo ni kwamba huwezi kumwachisha kazi. Na kuna nyakati ambapo dalali hahitajiki kabisa, kwa mfano mnunuzi akiwa mfanyakazi wako wa miaka mingi au muuzaji wako wa jumla, ambaye anaijua biashara kuliko dalali yeyote. Hapo fedha za komisheni zitafanya kazi nzuri zaidi kwa avoka wa kuandika hati na noteri wa kushika bei.

Kabla ya kutia sahihi, mwombe dalali akukutanishe na watu wawili: mmoja ambaye dalali alifanikiwa kumuuzia biashara yake, na mmoja ambaye alishindwa kumuuzia. Wa kwanza atamsifu, kama inavyotarajiwa. Wa pili ndiye wa kukaa naye, umuulize karatasi zake zilirudi lini, kama wafanyakazi wake walijua, na kama dalali alimwambia ukweli mapema au alimwacha akingoja. Dalali asiye na mtu wa pili wa kukupa hajafanya kazi hii muda mrefu, au ana jambo analolificha.

Mwisho, muulize ataandika nini kuhusu simu. Katika biashara zetu namba iliyopakwa rangi ukutani ndiyo wateja wanayoipigia, ndiyo yenye kikundi cha WhatsApp cha wanunuzi wa jumla, na mara nyingi ndiyo yenye akaunti ya M-Pesa au Airtel Money inayopokea malipo, lakini kadi yenyewe imeandikishwa kwa kitambulisho cha mwenye duka, siyo kwa jina la duka. Mnunuzi akilipa bei kamili kisha namba ikabaki mfukoni mwa muuzaji, amenunua kuta na rafu. Muuzaji akiitoa bila kuibadilisha usajili, kila deni na kila utapeli utakaofanyika kwa namba hiyo utarudi kwa jina lake. Yule mzee mwenye kaye ya buluu huiandika namba katika hati kama kitu cha kukabidhiwa, pamoja na siku ambayo wote wawili watakwenda kwa kampuni ya simu kubadilisha usajili na kuifunga akaunti ya fedha ya zamani, na bei haiachiliwi yote hadi wamerudi na karatasi ya usajili mpya.